Nani Amelipia Ufundi? Shule na Kazi Katika Historia ya Butembo na Beni

Kati ya Beni na Butembo kuna kilomita 54 tu, lakini msafiri huzipanda akiacha nyuma msitu, michikichi na kakao, hata afike kwenye vilima baridi vya kahawa ya arabika, viazi na kabichi. Miji hii miwili ya Kivu ya Kaskazini imejaa shule za sekondari, taasisi za juu na vyuo vikuu. Imejaa pia gereji, maseremala, vinu vya kusaga, maghala na mashamba yanayotafuta mikono yenye ujuzi. Hata hivyo fundi wa kulehemu, fundi wa pikipiki na mtu anayejua kupima kahawa kwa jicho, wengi wao wamejifunzia kazi uani kwa mjomba au kwa tajiri, wala hawakuipata darasani. Watu husema kosa liko katika programu za masomo: zimezeeka, ziandikwe upya Kinshasa. Ukisoma historia ya eneo hili unaona jambo jingine. Programu zimeandikwa upya mara nyingi, na kila mara kilichofundishwa kwa kweli kilifuata mfuko uliolipa. Shule iliungana na kazi pale tu ambapo mlipaji alikuwa ndiye mwenye haja ya ufundi wenyewe. Mzigo ulipoangukia wazazi peke yao, uhusiano huo ulikatika, na ungekatika hata kama wizara ingekuwa na wataalamu bora kuliko wote Afrika.

Kabla ya wamisionari, Wanande, au Wayira kama wengi wao wanavyojiita, hawakutenganisha mafunzo na kazi. Ekyaghanda, banda ambamo wanaume walikaa kuzunguka moto, lilikuwa mahali pa kusuluhisha kesi na pa kumfundisha kijana maneno na wajibu wake. Leo jina hilohilo limepewa jumuiya ya kabila. Biashara nayo ilikuwepo zamani, hasa ya chumvi ya Katwe iliyovuka ziwa tunaloliita Edward. Sitaki kuipamba hali hiyo. Nataka tu msomaji akumbuke kwamba aliyemfundisha kijana ndiye aliyeitegemea kesho kazi ya kijana huyo.

Mambo yalibadilika Wabelgiji walipokuja. Misheni ya Kikatoliki ya Beni ilianzishwa mwaka 1906, na kuanzia mwaka 1929 mapadri Waasumpsionisti waliichukua kazi hiyo, wakaieneza katika nchi yote ya Wanande. Butembo yenyewe haikuzaliwa kanisani. Ilianza katika miaka ya 1920 kama kituo cha kampuni ya madini ya MGL, iliyotafuta dhahabu upande wa Lutunguru na Manguredjipa. Tangu mwaka 1925 serikali ya kikoloni ilizipa shule za misheni za Kikatoliki ruzuku kwa mapatano. Shule za Kiprotestanti zilisubiri hadi mwaka 1948. Ruzuku hiyo ilikuwa na masharti: kusoma na kuandika kidogo, kazi za mikono na bustani, na kwa wachache mafunzo ya ukarani, ualimu au uuguzi. Ulikuwa mpango wa dharau, kwa sababu haukutaka Mkongo awe mhandisi wala daktari. Lakini ulifanya kazi kama ulivyokusudiwa. Kampuni ilihitaji makarani na wasimamizi, misheni ilihitaji waashi na maseremala wa kujenga makanisa na zahanati, na wote wawili walipata waliyemlipia. Karakana ya misheni ilikuwa na mbao kwa sababu misheni ilikuwa na paa la kuezeka. Hapo ndipo penye somo, hata kama hatuupendi ukoloni: vifaa vya kufundishia vilikuwa vifaa vya kazi yenyewe, na gharama yake ilikuwa ndani ya gharama ya kazi.

Uhuru ulileta nia njema na karatasi nyingi. Tarehe 29 Juni 1964 iliundwa INPP, taasisi ya taifa ya kutayarisha watu kwa kazi, inayolipiwa na mchango wa waajiri unaokatwa kwa kipimo cha mishahara wanayolipa. Wazo ni zuri: anayemtumia fundi asaidie kumfunza. Ila lilitungwa kwa ajili ya nchi ya migodi mikubwa, reli na viwanda, nchi yenye daftari la mishahara. Butembo haikuwa hivyo. Baada ya hatua ya mwaka 1973 ya kuwanyang'anya wageni biashara zao, na hasa uchumi wa Zaire ulipoanza kuporomoka, wachuruzi wa Kinande walichukua nafasi iliyoachwa wazi. Walipeleka maharagwe na mboga Kisangani kwa malori, wakapeleka mboga hadi Kinshasa kwa ndege, wakarudi na bidhaa za dukani. Mtafiti Janet MacGaffey, katika kitabu alichochapisha mwaka 1987, aliwaonyesha wafanyabiashara wa aina hiyo mjini Kisangani wakijitajirisha bila kushika kiti cha serikali. Biashara yao ilisimama juu ya ndugu, dini na uaminifu. Mpwa alianza kwa kupakia lori, akawa msaidizi wa dereva, kisha akapewa mzigo wake. Hakuandikwa popote, hakulipwa mshahara, na kwa hiyo hakuzaa hata senti moja ya mchango wa INPP. Mji uliokuwa na uanagenzi mwingi kuliko miji mingine mingi ya nchi ulikuwa, kwa hesabu za taasisi hiyo, kama mji usio na kazi.

Wakati huohuo dola iliyumba juu ya shule. Mwaka 1974 ilizitwaa shule za makanisa. Mwaka 1977 ikazirudisha kwa mkataba, yenyewe ikibaki na ahadi ya kulipa walimu. Mwaka 1989 ilipofungua mlango kwa vyuo vikuu vya binafsi, Askofu Emmanuel Kataliko wa Butembo-Beni hakungoja, na mwaka huohuo kilianzishwa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben. Angalia vitivo vyake: kilimo, udaktari wa mifugo, tiba, uchumi, sheria. Hii ni picha ya eneo la wakulima, wafugaji na wachuruzi ambalo hospitali zake zilikosa madaktari. Mpangilio huo haukutokana na waraka wa wizara. Jimbo la Kikatoliki na waumini walitoa pesa wakijua wanataka nini, na chuo kikawafuata. ITAV ya Butembo, shule ya ufundi wa kilimo na mifugo, iko katika mstari huo wa fikra, ingawa mfuko wake haujawahi kulingana na jina lake.

Kisha likaja pigo ambalo, kwa maoni yangu, linaeleza mengi kuliko vita. Kuanzia mwaka 1992 mishahara ya walimu ilikuwa imegeuka kicheko, migomo ikafunga madarasa, na wazazi wakakubaliana na mapadri na wakuu wa shule kuwalipa walimu wenyewe. Ndiyo "prime" ambayo kila mzazi wa Kongo anaijua, juu ya minervali, yaani karo, na michango mingine. Bila mpango huo watoto wangebaki barabarani, na hakuna anayestahili kulaumiwa kwa kuuanzisha. Lakini tazama ulivyobadilisha hesabu ya shule. Pesa sasa zilikuja kwa kichwa cha mwanafunzi. Mwanafunzi wa kumi na moja katika mchepuo wa ualimu au wa biashara na utawala hagharimu kitu: benchi lilelile, chaki ileile, mwalimu yuleyule. Mwanafunzi wa kumi na moja wa useremala anataka mbao na randa. Wa umakanika anataka injini ya kufungua. Wa mifugo anataka ng'ombe, nao hula kila siku, hata likizo. Mkuu wa shule mwenye akili timamu, anayelipa walimu wake kwa michango ya wazazi, atafungua mchepuo wa chaki na kufunga karakana. Wakuu wengi walifanya hivyo, na taasisi za juu zilizochipuka baadaye zilifuata njia ileile. Wala mzazi hakukosea, kwani kwa pesa kidogo aliyokuwa nayo alinunua cheti kinachompeleka mtoto kwenye Mtihani wa Taifa. Kila mmoja alitenda kwa busara, na matokeo ya busara zao zote ni mji wenye vyeti vingi vya utawala na wasimamizi wa mashine wachache.

Kakao inathibitisha hoja kwa upande wa pili. Kahawa ya robusta ya mabonde ya Beni iliteketezwa na mnyauko uitwao trakeomikosi, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakulima waligeukia kakao. Zao hilo lina ufundi wake: kuchachusha mbegu kwa siku kadhaa, kuzigeuza, kuzikausha bila kuzivundisha. Ukikosea, bei huanguka. Nani aliwafundisha maelfu ya wakulima? Wanunuzi wa kusafirisha nje, miongoni mwao kampuni ya ESCO-Kivu, walituma mabwana shamba vijijini kwa sababu faida yao ilitegemea harufu ya mbegu. Shule za sekondari zilizozunguka mashamba hayo ziliendelea kufundisha uhasibu. Hazikukosa akili, hakuna aliyezilipa zifundishe kuchachusha.

Atasema mtu: unazungumzia karakana mahali ambapo watu wanachinjwa. Hoja hiyo ina uzito. Tangu Oktoba 2014 mauaji yanayohusishwa na kundi la waasi la ADF yamewaondoa wakulima mashambani kuzunguka Beni. Ebola iliyotangazwa Agosti 2018 ilidumu hadi Juni 2020 na kuua watu 2,287. Na Mei 2021 jimbo liliwekwa chini ya hali ya kuzingirwa, utawala wake ukakabidhiwa wanajeshi. Shamba la mafunzo halina maana kama njia yake ina wavamizi. Lakini vita haviwezi kueleza kwa nini mchepuo wa biashara ulistawi chini ya vita vilevile vilivyoua useremala. Haviwezi pia kueleza udaktari. Ebola ilipofika, madaktari na wauguzi waliosomea hapahapa walikuwa miongoni mwa waliosimama mbele, kwa sababu miaka thelathini kabla mtu alikuwa amelipia kitivo cha tiba. Usalama huamua kama shule itafunguliwa kesho. Mfuko ndio huamua kitakachofundishwa ikishafunguliwa.

Pingamizi la pili linanigusa zaidi. Wako walimu wanaosema kwamba shule isiwe mtumwa wa soko, na historia ya ruzuku ya kikoloni inawapa haki. Mtoto aliyefundishwa kahawa tu angebaki na nini baada ya mnyauko? Nakubali kabisa kwamba kusoma, hesabu na historia havipaswi kupimwa kwa bei ya mazao. Ila tusijidanganye kwamba shule ya chaki iko huru na soko. Yenyewe imetii soko moja, soko la cheti cha bei nafuu, na hilo ndilo soko bovu kuliko yote, maana halimwambii mnunuzi kama bidhaa inafaa hadi miaka sita ipite. Zaidi ya hayo, mikono na vitabu vinaweza kukaa nyumba moja. Chuo cha UCBC cha Beni, kilichofunguliwa mwaka 2007, kimeweka kazi za mikono ndani ya masomo ya kila mwanafunzi, na hakuna aliyesema kimeacha kuwa chuo kikuu.

Wengine hutaja matajiri wa Butembo wenyewe: walileta makontena kutoka Dubai na Guangzhou kupitia Mombasa na Kasindi bila diploma, hivyo shule ina kazi gani? Mfano huo unahusu biashara ya kununua na kuuza, ambayo kweli hufundishwa vizuri na mjomba. Hauhusu umeme wa fazi tatu. Tangu mwaka 2013 mitambo ya umeme wa maji ya Mutwanga, chini ya Rwenzori, imewasha viwanda vya eneo hilo, kuanzia sabuni ya mafuta ya mawese hadi chokoleti, na mashine za aina hiyo hazikubali kujifunzwa kwa kuharibu mbili tatu. Wachuruzi hawa, tukumbuke, waliwahi kuchanga kwa ajili ya barabara na kiwanja cha ndege walipoona hasara ya kutokuwa navyo. Hawajachanga hivyo kwa ajili ya karakana kwa sababu fundi aliyefunzwa na mmoja anaweza kuhamia kwa mwingine, na hakuna tajiri anayetaka kumsomeshea jirani. Palepale ndipo fedha ya umma ina kazi yake.

Fedha hiyo ipo. Elimu ya msingi ya bure, iliyoanza Septemba 2019, haikugusa sekondari wala ufundi, kwa hiyo karakana bado inamtegemea mzazi. Lakini kifungu cha 175 cha Katiba ya mwaka 2006 kinasema asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni fungu la majimbo, nalo likatwe palepale kwenye chanzo. Kilomita kama 80 kutoka Beni iko forodha ya Kasindi, ambako malori ya Butembo yanalipa ushuru kila siku. Ushuru huo bado unapanda kwanza kwenda Kinshasa, na kinachorudi hurudi kwa hiari ya Kinshasa. Wanaokutana kila mwaka kuandika upya programu za ufundi wangefanya vema kuhamishia kikao chao Kasindi.