Unaendesha pikipiki njia za vumbi na makorongo? Soma hii kabla hujanunua mavazi ya kinga

Ukianguka na pikipiki kwenye lami, mara nyingi unateleza. Ukianguka njia ya porini, unasimamishwa ghafla na jiwe, kisiki au ukingo wa korongo. Mwendo ni mdogo, sawa, lakini kuanguka ni kwa mara kwa mara, na pikipiki yenye kilo zaidi ya 100 inakuja kukulalia mguu. Ndiyo maana mavazi ya njia mbovu hayafanani na ya barabara kuu.

Helmeti kwanza

Hapa hakuna mjadala. Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa miaka mingi limeeleza kuwa helmeti ikivaliwa vizuri hupunguza hatari ya kifo kwa karibu asilimia 40, na majeraha makubwa ya kichwa kwa karibu asilimia 70. Neno la kushika hapo ni "vizuri". Helmeti iliyokaa kichwani huku mkanda unaning'inia inatoka kabla kichwa hakijafika chini.

Helmeti za motokrosi unazitambua haraka: sehemu ya kidevu imechomoza mbele, juu kuna ukingo wa kukinga jua na tope, na uwazi wa macho ni mpana ili miwani ya vumbi iingie. Uzuri wake ni hewa. Ukipanda mlima kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa juani, helmeti ya kioo inageuka chungu cha mvuke. Ubaya wake ni kwamba kwenye barabara kuu ule ukingo unavutwa na upepo na shingo inachoka. Kama safari zako nyingi ni za lami, chagua nyingine.

Kazi kubwa haifanywi na gamba la nje. Inafanywa na povu gumu la ndani, linalofanana na lile linalofungia runinga mpya kwenye boksi. Povu hilo hupondeka ili ubongo usipondeke, na likishapondeka halirudi. Kwa hiyo helmeti ya mtumba ni kamari: rangi inaweza kung'aa huku ndani imekufa. Kofia ya mafundi wa ujenzi, hata iwe mpya, haikutengenezwa kwa kazi hii.

Tafuta alama ya ECE 22.06, au 22.05 kwa zilizotengenezwa zamani kidogo. Huwa imeandikwa kwenye kitambaa kilichoshonwa kwenye mkanda, ikiwa na herufi E ndani ya duara na namba ya nchi iliyoidhinisha. E3 ni Italia, E9 ni Hispania. Stika ya DOT peke yake nyuma ya helmeti usiitegemee sana, maana stika mtu yeyote anaweza kuichapisha.

Saizi nayo usikadirie kwa macho. Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha kichwa juu kidogo ya nyusi, soma sentimita. Ukivaa, mashavu yabanwe kiasi. Funga mkanda, kisha mwambie mtu aisukume helmeti kutoka kisogoni kwenda mbele. Ikitoka, iache dukani hata kama umepewa bei ya kutupa.

Mguu ndio unaolipa

Baada ya kichwa, hela iende miguuni. Mguu ukinasa kwenye mfereji wa tairi huku pikipiki inaendelea mbele, kifundo kinajipinda na mfupa wa goti kushuka chini unaweza kuvunjika. Kwa mtu anayekula kwa pikipiki, hiyo ni miezi bila kazi.

Buti halisi za motokrosi zina plastiki ngumu mbele ya muundi, vifungo vya pembeni, na hupimwa kwa kiwango cha EN 13634. Bei yake inauma. Ukishindwa, buti ndefu za ngozi za kufunga kamba zina nafuu. Gambuti zinakinga maji na tope tu: hazishiki kifundo, huchomoka, na zikigusa ekzosi zinayeyuka. Kandambili tusizizungumzie.

Kuna jaribio dogo la dukani. Bana buti kwa mikono miwili pale kwenye kifundo. Pande mbili zikikutana kirahisi, pikipiki itazikutanisha vilevile.

Magoti, viwiko, kifua

Kinga za magoti na viwiko hupimwa kwa EN 1621-1. Kuna kiwango cha 1 na cha 2, na cha 2 hupunguza nguvu ya kishindo zaidi. Ukiona T+ kwenye lebo, ujue imepimwa pia kwenye joto la nyuzi 40, jambo la maana kwa anayeendesha juani. Usizijaribu ukiwa umekaa tu. Njia mbovu inaendeshwa kwa kusimama, kwa hiyo simama, chuchumaa, uone kama inabaki juu ya goti au inateleza pembeni.

Kwenye kifua ndiko watu wanapigwa. Zile ngao nyepesi za plastiki zenye alama ya EN 14021 ni za kuzuia mawe yanayorushwa na tairi la mbele yako. Ukiangukia kisiki hazina msaada mkubwa. Kinga ya kishindo cha kifua ni EN 1621-3, na ya mgongo ni EN 1621-2.

Glavu chukua nyepesi, zisizokunyima kuhisi breki na klachi. Miwani ya vumbi iwe na kioo kinachobadilishwa, kwa sababu kitachubuka tu.

Na helmeti ikishapigwa chini na kichwa kikiwa ndani, kata mkanda wake kwa kisu kabla ya kuitupa, mwingine asije akaiokota akaivaa.