Takataka Mlangoni: Tulikotoka Hapa Nairobi

Leo ningependa uache vyombo kidogo, uketi, tuongee juu ya kitu unachokiruka kila asubuhi ukimpeleka mtoto shule: takataka za barabarani. Sitakuambia ufagie. Najua unafagia. Nataka kwanza tuulizane, hizi taka zilifikaje hapa, na kabla yetu nani alijaribu kuziondoa?

Mji wetu ulianza mwaka wa 1899 kama kambi ya wajenzi wa reli, mahali penye kinamasi. Miaka 3 tu baadaye, mwaka wa 1902, tauni ilizuka katika soko la Wahindi pale katikati ya mji. Tauni huletwa na viroboto wa panya, na panya naye hufuata mabaki ya chakula. Je, wakubwa wa wakati huo walifanya nini? Waliamuru soko lichomwe moto. Likateketea. Lakini mpango wa kuzoa taka kila siku ni jambo jingine, na tauni ilirudi Nairobi miaka iliyofuata. Mwaka wa 1913 mtaalamu wa afya kutoka Uingereza, Profesa W. J. Simpson, aliletwa atoe ushauri. Alipendekeza Wazungu, Waasia na Waafrika wakae sehemu mbalimbali za mji. Unaona, mama? Uchafu ukawa kisingizio cha kuwatenga watu. Ndiyo maana wazee wetu wengine wakisikia afisa wa afya anakuja, bado wanauliza, "Anakuja kutusafisha au kutufukuza?" Mimi nikivaa sare yangu hukutana na swali hilo mlangoni, na siwalaumu.

Sasa tazama upande wetu huu wa magharibi. Westlands, Kileleshwa na Lavington zilikuwa mitaa ya Wazungu, na huduma za mji zilikwenda huko kwanza. Ukivuka bonde tu, Kangemi, Kawangware na Dagoretti zilikuwa nje ya mpaka wa mji mpaka mwaka wa 1963, mpaka ulipopanuliwa na jiji kuwa na kilomita za mraba zipatazo 690. Tuliingizwa jijini, lakini barabara ya kupitisha gari la taka haikuingia pamoja nasi. Mpaka leo kuna vichochoro ambavyo hata mkokoteni unapita kwa shida.

Wenye umri mkubwa watakuambia kwamba miaka ya 1970 Baraza la Jiji lilizoa sehemu kubwa ya taka. Jaa la Dandora lilifunguliwa mwaka wa 1975. Kisha watu wakaongezeka, kutoka kama 828,000 katika hesabu ya mwaka wa 1979 hadi zaidi ya milioni 2 mwaka wa 1999, na magari ya taka yakawa mabovu. Baraza lenyewe lilivunjwa mwaka wa 1983, jiji likaendeshwa na tume mpaka 1992. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 taka nyingi za Nairobi zilibaki pale pale zilipotupwa.

Hapo ndipo majirani walipoanza kujitafutia njia. Kila mtaa ulifanya kwa kadiri ya mfuko wake. Mitaa yenye pesa ilikodi kampuni za kuzoa taka tangu miaka ya 1980. Wakazi wa Karen na Lang'ata walikuwa na chama chao tangu mwaka wa 1940, kwa hiyo walijua kuuliza Baraza maswali. Mjini kati, wenye biashara walianzisha muungano wao mwaka wa 1997. Miaka michache baadaye, John Gakuo alipokuwa Karani wa Jiji, katikati ya mji palibadilika, nyasi na maua yakapandwa na mapipa yakawekwa. Palipendeza kweli. Lakini mimi nilikuwa nikishuka kwenye matatu hapo nafurahi, kisha napanda nyingine kurudi nyumbani nakuta lundo liko pale pale stendi. Mji ulikuwa umefagiwa sebuleni tu.

Mitaani kwetu kazi ilishikwa na vijana wenye mikokoteni na akina mama wa vyama. Huko Kibera kulikuwa na mpango ulioitwa Taka ni Pato, vijana wakizoa, wakitenganisha na kuuza plastiki. Naye Profesa Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 2004, alisema wazi kwamba majuala yaliyotupwa hushika maji ya mvua na mbu huzaliana humo. Majuala hayo pia yaliziba mitaro, na penye vyoo vichache watu walijisaidia ndani yake usiku na kuyarusha nje. Serikali ilijaribu kuyazuia yale mepesi mwaka wa 2007 na tena 2011, bila mafanikio. Tarehe 28 Agosti 2017 yakapigwa marufuku kabisa, faini ikiwa kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Wengi wetu tulicheka tukadhani ni maneno tu. Lakini kumbuka mitaro ilivyokuwa kabla ya hapo, utakubali kwamba mengi yaliondoka.

Yaliyobaki ni nini? Hapa nitasema bila kukuficha: nepi za kutupa. Hizi unazoziita Pampers hata kama ni za kampuni nyingine. Watu wengi huamini kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara. Si kweli. Kina vijidudu vya kuhara kama kinyesi cha mtu mzima. Nepi ikitupwa mtaroni, maji hupanda, watoto wanaocheza hapo hutia vidole mdomoni, na kesho yake mama yuko kliniki na mtoto aliyelegea. Kinyesi kimwage chooni kwanza, nepi uikunje, uifunge, uiweke kwenye chombo chenye kifuniko mpaka mzoaji aje. Kisha nawa mikono kwa sabuni.

Na usiichome. Najua ndiyo njia rahisi jioni, lundo likiwashwa linakwisha. Moshi wa plastiki huwasha mapafu ya mtoto, naye mtoto hupumua haraka kuliko wewe. Mwaka wa 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti juu ya watoto 328 waliopimwa karibu na jaa la Dandora. Nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu (si risasi ya bunduki, ni madini) yaliyofikia au kupita kiwango kilichohesabiwa kuwa hatari wakati huo. Madini hayo hudhuru ubongo unaokua. Taka tunazofurahi zimeondoka kwetu huenda kwa mtoto wa mama mwingine. Ndiyo maana kupunguza na kutenganisha kunahitajika hata pale gari linapofika.

Nikueleze kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilipanga siku ya usafi na akina mama wa ploti 4 za Kangemi. Tulivaa glavu, tukazibua mtaro asubuhi nzima, tukanywa soda, tukapigwa picha. Uchafu tuliutoa tukaulundika kando ya mtaro. Jumatano mvua ikanyesha, wote ukarudi ndani. Mama mmoja aliniambia, "Sista, wewe ulileta glavu, hukuleta mkokoteni." Nilinyamaza.

Tulipokutana tena hatukushika jembe. Tuliketi na makeateka na vijana wa mkokoteni, tukaulizana taka zitapelekwa wapi, siku gani, na nani atalipa. Palikuwa na ubishi. Mwenye watoto 5 aliuliza kwa nini alipe sawa na kijana anayeishi peke yake, na lilikuwa swali la haki. Ploti 3 zikakubaliana malipo yachukuliwe pamoja na kodi ya nyumba, ili asiyelipa asifichike. Ya 4 ilikataa, kwa sababu mwenye nyumba alisema kuzoa taka ni kazi ya kaunti. Naye hakukosea sana. Katiba ya mwaka wa 2010 imeipa kaunti kazi hiyo, na Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kwa hiyo akina mama hao walifanya yote mawili: waliendelea kumlipa kijana wa mkokoteni, na wakaandika barua kwa ofisi ya wadi wakiomba mahali rasmi pa kukusanyia taka. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili waliipeleka kwa mkono, wakiwa 11, watoto migongoni, wakadai igongwe muhuri.

Kwa leo nakomea hapo. Juma lijalo tutazungumza juu ya maji ya kunyonyesha chupa. Kama una dumu lisilo na kifuniko hapo nyumbani, lifunike kabla hatujakutana.