Jeshi la Kanada ambalo halikufika Mugunga

Mwezi wa 11 mwaka 1996, Goma na Bukavu zilikuwa zimekwisha kuanguka mikononi mwa AFDL, na wakimbizi wa Rwanda walirundikana Mugunga kwa mamia ya maelfu. Ndipo redio za dunia zikatangaza kwamba kuna inchi itakayoongoza jeshi la kimataifa kuja kuwaokoa. Siyo Marekani, siyo Ufaransa. Ni Kanada.

Kanada ni tajiri, lakini nguvu zake ni za kati: haina kura ya veto kule ONU wala bomu la atomiki. Heshima yake ilitoka kwa upatanishi. Mwaka 1956, wakati wa vita vya Suez, waziri wake wa mambo ya inje, Lester Pearson, alipendekeza kikosi cha ONU kisimame katikati ya wapiganaji. Mwaka uliofuata akapewa tuzo ya Nobel ya amani. Kongo ilipowaka moto mwaka 1960, Kanada ilituma askari wa mawasiliano, watu wa redio. Kazi hiyo haisifiwi sana, lakini jeshi lisilo na redio ni kiziwi.

Miaka ya 1990 heshima hiyo ilichakaa. Somalia, mwaka 1993, askari wa Kanada walimtesa kijana mpaka akafa. Rwanda, mwaka 1994, Jenerali Roméo Dallaire, Mkanada, aliomba askari wa nyongeza, hakusikilizwa. Basi Lloyd Axworthy, aliyekuwa waziri wa mambo ya inje tangu 1996, akataka siasa mpya: usalama wa raia utangulie, siyo wa serikali tu.

Mugunga ikawa mtihani wa kwanza. Waziri mkuu Jean Chrétien aliwapigia simu viongozi wa dunia, na tarehe 15 mwezi wa 11 Baraza la Usalama likapitisha azimio 1080. Lakini siku zile zile kambi ilishambuliwa, na zaidi ya watu nusu milioni wakarudi Rwanda kwa miguu. Kigali ikasema jeshi halihitajiki tena. Washington nayo ikapoa, na Kanada haikuwa na ndege za kutosha kusafirisha jeshi peke yake. Jenerali Maurice Baril na watu wake, wengi wao, waliishia Entebbe. Mwaka ulipokwisha, kazi ikafungwa. Waliokimbilia Walikale na Tingi-Tingi hawakupata jeshi lolote la kuwalinda.

Cha ajabu, siasa ile ile ilifaulu pahali pengine. Mwezi wa 10 mwaka huo huo, Axworthy alizialika serikali zirudi Ottawa kutia sahihi mkataba wa kupiga marufuku mabomu ya kutegwa ardhini dhidi ya watu. Hakungoja wakubwa. Alishirikiana na mashirika ya raia, na mwezi wa 12 mwaka 1997 inchi 122 zikatia sahihi. Marekani, Urusi na China hazikuwamo. Kongo ilijiunga mwaka 2002. Mkataba haukuhitaji ndege za mtu. Kulinda kambi kulizihitaji, na hapo ndipo Kanada iliahidi kuliko uwezo wake.

Mwaka 2010 ONU iliomba jenerali Mkanada aongoze askari wa MONUC hapa kwetu. Ottawa ilikataa. Mwaka huo huo Kanada iligombea kiti katika Baraza la Usalama, ikakikosa. Mwaka 2020 ikajaribu tena, ikakikosa.