Visima vya Nairobi na Petroli Iliyozama

Tangu reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, swali la mji huu kuhusu maji limekuwa moja: yanatosha? Mwaka 1906 maji yalivutwa kutoka chemchemi za Kikuyu. Baadaye yakafuatwa kwenye mabwawa ya Ruiru, Sasumua, na mwaka 1994 Ndakaini. Wakati huohuo visima virefu viliongezeka hadi mwaka 1953 serikali ikatangaza eneo la hifadhi ya maji ya ardhini, maana maji yalikuwa yakididimia. Hata hivyo visima viliendelea kuongezeka. Mazoea hayo ya kupima wingi, na kwa upande wa usalama ya kuogopa floridi na vijidudu pekee, yametuachia pengo kubwa: hatujajizoeza kuuliza petroli iliyovuja imekwenda wapi.

Petroli inayomwagika hadharani hujitangaza. Mwaka 2011 ilitiririka mtaroni katika mtaa wa Sinai, Nairobi, ikawaka na kuua watu zaidi ya 100. Mwaka 2015 bomba lilivuja Thange, Makueni, na wakulima wakaiona mtoni. Inayotoka kwenye tangi lililozikwa chini ya kituo cha mafuta haina shahidi. Chuma kikiliwa na kutu, mafuta huzama kidogokidogo: sehemu hushikwa na udongo, sehemu huelea juu ya maji, na sehemu hugeuka mvuke unaopanda kupitia nyufa. Ndani ya mvuke huo mna benzeni, inayosababisha saratani ya damu. Katika mitaa ya Kilimani na Kileleshwa, Nairobi, nyumba za zamani zinabomolewa ili kujenga maghorofa yenye maegesho ya chini ya ardhi na visima vyake. Ujenzi wa namna hiyo ukifika palipokuwa na kituo cha mafuta au gereji, tunawasogeza watu karibu na mvuke na kuitobolea petroli njia mpya ya kuyafikia maji.

Kuugundua mvuke si kazi ngumu. Fundi hutoboa udongo, hujaza udongo huo nusu ya chupa ya kioo, huifunika kwa karatasi ya alumini na kuiacha ipate joto kwa dakika chache. Kisha hutoboa karatasi kwa mdomo wa kipimo ambacho taa yake ya miali ya urujuanimno huupa mvuke chaji ya umeme, na namba ikatokea. Namba hiyo hujumlisha mivuke mingi bila kuitaja, na unyevu huweza kuipotosha. Ndiyo maana sampuli za mahali ilipopanda, pamoja na chache za mahali iliposhuka, hupelekwa maabara.

Wapo watakaosema kwamba maji ya Nairobi yako chini sana, yamelindwa na tabaka za miamba ya volkano. Ni kweli kwa mwamba usioguswa. Lakini kila kisima hutoboa tabaka hizo, na kisipozibwa vizuri pembeni huwa mfereji wa uchafu wa juu. Isitoshe, mvuke hauhitaji kuyafikia maji ya chini ndipo uingie kwenye maegesho ya chini au chumbani. Wengine watalalamikia gharama. Gharama ya kutoboa mashimo machache kabla ya msingi kumwagwa ni ndogo ukilinganisha na ya kufukua udongo chini ya ghorofa lenye wakazi. Kwa hiyo kibali cha kujenga mahali palipowahi kuwekwa mafuta, na kibali cha kuchimba kisima jirani, vitanguliwe na kipimo cha mvuke, na matokeo yake yawe wazi kwa atakayenunua nyumba na atakayekunywa maji.