Kilevi Hakisemi Peke Yake

Kuna usemi uliozoeleka sana mijini kwamba mtu akishalewa hana lake tena, kilevi ndicho kinachosema. Washtakiwa huutumia usemi huo mahakamani kama utetezi, na waume huutumia majumbani kama ombi la msamaha. Wiki hii nataka tuupime kwa mizani ya historia. Nitaanzia mahali ambapo wengi wenu hamjapata kufika, yaani Masakta, wilayani Hanang, katika nchi iliyo chini ya mlima Hanang wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400.

Masakta ni nchi ya Wairaqw, ambao watu wa mijini wamezoea kuwaita Wambulu. Asili ya makazi yao ni milima ya Irqwar Da'aw, karibu na mji wa Mbulu, na kutoka huko walienea kusini mpaka Hanang na kaskazini mpaka Karatu, hasa katika karne ya ishirini. Walipohama walibeba ng'ombe, walibeba mbegu za mtama, na walibeba desturi ya kuketi penye pombe ya mtama kwa utaratibu maalumu. Utaratibu huo ndio nitakaoukalia kitako kidogo, maana una mafunzo mengi kuliko pombe yenyewe.

Mzee mmoja husimama akasema maneno ya sala ndefu iitwayo slufay. Husema kwa mapigo, kipande kwa kipande, na waliokaa huitikia kwa pamoja. Humwomba Looaa, Mungu wao mwenye huruma ambaye kwao ni wa kike na hufananishwa na jua. Huomba mvua, watoto na mifugo, huomba ugomvi uondoke, na huomba balaa la mapepo wa chemchemi na mito lipite mbali. W. D. Kamera, aliyetuandikia Hadithi za Wairaqw wa Tanzania mwaka 1978, alizikusanya pia sala hizi, na wataalamu wa fasihi simulizi wanazihesabu miongoni mwa tungo nzito kabisa za nchi yetu.

Sasa fikiri hali ya mtu aliyeketi hapo. Amekuja kwa kualikwa, na anajua nani mkubwa wake na nani mdogo wake. Kabla pombe haijamfika kichwani ameshaitikia mara kadhaa kwamba anataka amani. Huyo atalewa, sikatai. Lakini atalewa akiwa ndani ya maneno ya slufay, na mbele ya watu ambao kesho atakutana nao shambani. Zaidi ya hayo, zamani pombe ya mtama haikuuzwa. Mnorwe mmoja, Ole Bjørn Rekdal, aliyeishi na Wairaqw na kuandika habari hizi mwaka 1996, alieleza jinsi pombe ya mtama na maziwa vilivyokuwa vitu visivyobadilishwa kwa fedha. Vilikuwa vya mgeni, vya jirani, na vya ibada. Mtu asiye na mwenyeji hakuwa na mahali pa kulewea.

Majirani zao Wabarabaig nao wana pombe ya asali, nayo hutengenezwa kwa mambo mazito kama vile maziko makubwa ya mzee mwenye heshima, yaitwayo bung'eda, ambayo huchukua miezi kadhaa huku kaburi likijengwa kuwa kilima. Pombe ile ni ya wazee. Mwanahistoria Justin Willis, katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu vileo vya Afrika Mashariki, ameonyesha kwamba sehemu nyingi za eneo letu zilikuwa na mawazo ya namna hii: pombe ilikuwa mali ya wazee, na ulevi wenyewe ulikuwa sehemu ya mamlaka yao. Mimi naongeza kwamba utaratibu huo haukuwa wa haki kwa kila mtu. Wanawake ndio waliosaga na kupika, na mara nyingi hawakuwa wa kwanza kunywa. Tusiitazame jana kwa miwani ya asali.

Tuvuke sasa mpaka bonde la Yaeda Chini, wilaya ile ile ya Mbulu, kwa Wahadzabe. Hawa huvuta tumbaku na bangi kwa kiko cha jiwe laini, na hukohoa sana wakicheka. Hiyo ni starehe ya mchana. Lakini jambo lao takatifu, ngoma ya epeme, lina masharti mengine kabisa. Huchezwa usiku usio na mwezi, na mioto yote huzimwa. Wanawake huimba, na wanaume huingia mmoja mmoja na manyoya kichwani na njuga mguuni, wakikanyaga ardhi katika giza ambamo huwezi kuuona mkono wako mwenyewe. Katika giza lile yule anayecheza hahesabiwi tena kuwa fulani bin fulani. Hapo moyo wa mtu hubadilika kwa giza, kwa wimbo, na kwa yale aliyofundishwa kuyatarajia. Wasandawe nao wana ngoma ya simbo, ambamo mchezaji huambiwa amekuwa simba ili apambane na wachawi. Wako wataalamu wanaosema baadhi ya michoro ya miamba ya Kondoa, ile iliyoandikwa na UNESCO mwaka 2006 katika urithi wa dunia, inaonyesha watu walio katika hali kama hiyo. Wengine wanapinga. Hilo tuwaachie.

Niwapeleke sasa magharibi ya Ziwa Tanganyika, maana huko ndiko kuna kisa ambacho nakiona kikubwa kuliko vyote.

Neno bangi tulilipata kutoka Bara Hindi kwa njia ya bahari, na mmea wenyewe ulipenya bara kwa njia za misafara. Katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa ulikuwa umefika Kasai, kwa watu waliojulikana kama Wabashilange, ambao leo huitwa Walulua. Huko mtawala mmoja, Kalamba Mukenge, pamoja na dada yake Sangula, walifanya mapinduzi ya ajabu. Waliamuru hirizi na dawa za zamani zichomwe moto. Wafuasi wao wakajiita Bena Riamba, yaani watu wa bangi, na nchi yao wakaiita kwa neno lenye maana ya urafiki. Silaha hazikuruhusiwa kijijini. Jioni watu walikusanyika uwanjani wakavuta pamoja kwa kibuyu kikubwa. Mapatano yalifungwa kwa moshi ule, na mkosaji aliadhibiwa kwa kulazimishwa kuvuta mpaka azimie. Watu waliokuwa wakivamiana vijiji kwa vijiji wakaanza kusafiri na kufanya biashara.

Habari hizi ziliandikwa na Wajerumani wawili waliofika huko mwaka 1881, Paul Pogge na Hermann Wissmann. Jina la pili si geni kwenu. Wissmann aliendelea na safari mpaka Unyamwezi, akaonana na Mirambo, akatokea Saadani mwaka 1882. Ndiye huyo huyo aliyerudi pwani yetu mwaka 1889 na majeshi kuvunja upinzani wa Abushiri bin Salim. Alivuka nchi ambayo watu wake waliweka silaha chini kwa kuvuta bangi, kisha akaja kwetu na mizinga.

Bila shaka nyuma ya moshi ule kulikuwa na siasa pia. Kalamba alitaka bunduki na biashara ya pembe za ndovu, na imani mpya ilimpa utawala juu ya koo nyingi. Lakini hilo linalitilia nguvu jambo ninalolisema. Mmea ulikuwa ule ule wa sehemu nyingine. Kilichoutia maana ya amani ni sheria ya Kalamba, uwanja wa kijiji, na watu waliokuja wakitegemea kupata undugu.

Mwanachuoni Johannes Fabian, mtu aliyekifahamu vizuri Kiswahili cha Katanga, aliandika mwaka 2000 kitabu kizima kuhusu wapelelezi hawa wa Kizungu, nacho kinachekesha na kuhuzunisha. Anaonyesha kwamba wale waliojiita macho ya sayansi walizunguka Afrika ya kati wakiwa na homa, wamemeza kwinini, wamekunywa pombe na kutumia kasumba, na wamejaa hofu ya nchi wasiyoijua. Huko kwao waliandika kwamba Mwafrika ndiye asiyejitawala.

Ilichukua muda Wazungu wenyewe kuliona jambo hili katika maabara. Mwaka 1943, huko Uswisi, mkemia Albert Hofmann aligundua kwamba dawa aliyoitengeneza mwaka 1938, iitwayo LSD, ilimfanya aone njozi. Baada ya hapo wapelelezi wa Marekani wakaitaka dawa hiyo kwa kazi zao. Novemba 1953 walimtilia Frank Olson, mwanasayansi wa jeshi, katika kinywaji chake bila yeye kujua. Aliingiwa na hofu na kuvurugika, na siku 9 baadaye alianguka kutoka ghorofa ya juu ya hoteli mjini New York akafa. Familia yake imeendelea kudai kwamba aliuawa. Vyovyote ilivyokuwa, yule ni mtu aliyetiwa njozi bila nia yake, kati ya watu waliokuwa wakimchunguza.

Weka kisa hicho kando ya hiki kingine. Ijumaa Kuu ya tarehe 20 Aprili 1962, mjini Boston, daktari kijana Walter Pahnke aliwakusanya wanafunzi 20 wa theolojia katika kanisa dogo la chuo kikuu. Nusu yao walipewa psilosibini, ambayo ni dawa itokayo katika aina fulani za uyoga, na nusu walipewa kidonge kisicho na njozi. Ibada iliongozwa na Mchungaji Howard Thurman, mhubiri mashuhuri wa watu weusi wa Marekani. Karibu wote waliopata uyoga walisema wameonja jambo la Kimungu, na miaka 25 baadaye wengi wao walikuwa bado wanashikilia hivyo. Hata hivyo, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1991 ulifichua jambo ambalo Pahnke hakuliandika: mmoja wao aliingiwa na wahaka, akatoka nje ya kanisa, na ikabidi adungwe sindano ya kumtuliza. Kwa hiyo hata kanisa na kwaya si dhamana. Mwenye jeraha ndani yake huingia nalo.

Wamarekani wameuweka utaratibu huu katika maneno mawili, moja la hali ya ndani ya mtu na jingine la mahali na watu waliomzunguka. Mimi nayaita nia na mahali. Anthony Wallace alikuwa ameshaandika mwaka 1959 kwamba Wazungu waliopewa meskalini hospitalini walipandwa na furaha na huzuni kwa zamu na kupoteza haya, wakati Wahindi Wekundu wanaokula mmea wa peyote katika ibada yao, wenye meskalini ile ile, walipata unyenyekevu na faraja. Halafu Robert Edgerton, ambaye mwaka 1961 na 1962 alikuwa huku kwetu akifanya utafiti kwa Wahehe, Wakamba, Wapokot na Wasebei, alishirikiana na Craig MacAndrew kuandika kitabu mwaka 1969. Walisema kwamba mlevi hafanyi lolote tu, bali hufanya yale ambayo jamii yake imemfundisha kwamba mlevi hufanya. Mtu aliyelewa husema na kupiga, lakini angalia ni nani anayempiga. Mara chache utasikia kampiga bosi wake.

Nayasema haya nikijua kwamba wako vijana wa mjini ambao wamesikia habari za utafiti mpya wa uyoga huko Marekani na Ulaya, na wameufanya kuwa hati ya kuvutia bangi vichochoroni. Utafiti ule hausemi hivyo. Mgonjwa huchunguzwa kwanza, huandaliwa kwa mazungumzo, hulazwa katika chumba tulivu, na huwa na watu wawili wa kumwangalia mchana kutwa. Sheria yetu ya mwaka 2015 inakataza bangi na mirungi, na mwenye kushikwa navyo hataulizwa kama alikuwa na nia njema.

Lakini kwa upande wa pili, sheria hutazama kitu tu. Haina kifungu kinachoona slufay ikipotea. Pombe ilipoanza kuuzwa huko vijijini, mnywaji hakuhitaji tena kualikwa, wala mzee wa kumwombea, wala jirani wa kumtazama. Alihitaji shilingi. Vikaja viroba, vile vifuko vidogo vya nailoni vya pombe kali, ambavyo mtu aliweza kuvificha mfukoni na kuvimaliza kwa mafunda mawili akiwa amesimama kituo cha basi, hata mwanafunzi. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Baada yake zikaja chupa ndogo, na hizo hunywewa vivyo hivyo, kwa kusimama, bila neno lolote kusemwa kwanza.