Asili ya Mwimbaji na Makao ya Msikilizaji: Wimbo wa Dansi Jijini Nairobi, 1971–1980

Historia ya fasihi ya Kiswahili imezoea kumpanga mtunzi kwa mahali alipozaliwa. Utaratibu huo unawafaa washairi wa Lamu na Mombasa. Unashindwa kueleza wimbo wa dansi uliorekodiwa Nairobi katika miaka ya 1970.

Ndugu wawili, Wilson na George Peter Kinyonga, walianzia muziki Tanga, wakahamia Arusha, kisha wakavuka mpaka na kuingia Mombasa mwaka 1971. Kundi lao likaja kuvuma Nairobi kwa jina la Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wake walijitenga na kuunda Les Wanyika, bendi ya "Sina Makosa". Orchestra Super Mazembe nayo ilitoka Zaire ya wakati huo, ikapitia Zambia, ikafika Nairobi mwaka 1974. Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi, alipitia Uganda. Kivutio kilikuwa cha kiuchumi: Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri, ilhali Nairobi ilikuwa nacho, pamoja na studio na makampuni ya kuuza.

Lakini mnunuzi wa santuri hizo alikuwa nani? Aghalabu alikuwa mhamiaji pia: Mluo, Mluhya au Mkamba aliyekuja mjini kutafuta kazi, na ambaye tayari alikuwa na nyimbo za kwao kwa lugha ya kwao. Kiswahili cha akina Wanyika hakikuwa mali ya jirani yake yeyote, na kwa hiyo hakikumbagua. Ndiyo maana lugha ya nyimbo hizo ni sanifu na nyepesi, yenye sentensi fupi na mafumbo machache. Wahakiki wanaouona wepesi huo kuwa umaskini wa sanaa wanasahau kwamba Tanga ndiko alikozaliwa Shaaban Robert. Utamaduni wa ushairi haukuwa mgeni huko. Mtunzi alipunguza uzito wa lugha kwa ajili ya masikio yaliyokuwa mbele yake. Kiswahili cha Shaba nacho kilikuwa kimekomaa migodini miongoni mwa watu wa lugha nyingi, hadhira ya namna ileile.

Mwaka 1980 Sauti ya Kenya iliagizwa kwamba asilimia 75 ya muziki wake uwe wa Kenya. Hapo swali la uainishaji likatoka darasani. "Sina Makosa", wimbo wa bendi iliyokuwa ya Watanzania kwa sehemu kubwa, uliorekodiwa Nairobi na kupendwa na Wakenya, ungehesabiwa wapi? Kwa kigezo cha uraia ungekuwa wa kigeni. Kwa kigezo cha hadhira, nyimbo chache zingeushinda kwa uenyeji. Agizo hilo halikudumu. Kigezo cha uraia, hata hivyo, kingali kinatumika katika mihtasari ya fasihi.