Mbwa Anayekula na Bado Anakonda

Mwaka 1876, kwenye njia ya msafara katika nchi ya Wanyamwezi, alikufa mbwa aliyeitwa Bull. Alikuwa wa mwisho katika mbwa ambao Henry Morton Stanley alitoka nao Uingereza mwaka 1874. Wenzake wote walikwisha kufa. Stanley aliandika kwamba mbwa huyo alikuwa ametembea maili zipatazo 1,500, na kwamba kilichomwangusha ni uzee na urefu wa safari. Lakini katika maelezo yake hayohayo mna jambo jingine. Bull alikuwa akipepesuka na kulia, ila hakukubali kuachwa na wabeba bunduki aliozoea kufuatana nao, mpaka miguu ilipokataa akalala katikati ya njia.

Mimi nimekuwa bwana mifugo, na sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya Handeni, penye miyombo na mbung'o. Sidai kujua kilichomuua Bull. Ninachojua ni kwamba mbwa mwenye moyo wa kwenda na mwili usioweza, katika mapori ya namna ile, hutolewa damu kwanza ndipo useme ni uzee. Mwaka 1876 hakuna aliyeweza kufanya hivyo, kwa kuwa hakuna aliyejua cha kutafuta ndani ya damu hiyo.

Kwamba mbung'o anaua, hilo lilijulikana. David Livingstone, katika kitabu chake cha safari kilichotoka 1857, aliwataja ng'ombe, farasi na mbwa kuwa wanyama ambao wakiumwa na mbung'o hawaponi. Aliandika pia kwamba ng'ombe aliyeumwa huendelea kula majani huku akikonda. Hapo ndipo palipowashinda wengi. Mnyama aliyekataa chakula akikonda, watu wanaelewa. Anayekula, anayetembea, anayekimbilia kazi yake kila asubuhi, halafu mbavu zinaanza kutokeza, huyo hutafutiwa sababu kwingine: minyoo, jicho la mtu, chakula kibovu, umri.

Wenyeji walikuwa na elimu yao juu ya mdudu huyu kabla ya hadubini yoyote. Walichoma vichaka, wakafyeka, wakakaa kwa wingi mahali pamoja hata pori likasogea mbali na maboma. Ng'ombe waliolazimika kupita penye mbung'o walipitishwa usiku. Helge Kjekshus aliieleza hali hiyo vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1977: sotoka ya miaka ya 1890 ilipofyeka ng'ombe, na njaa na vita vikatawanya watu, pori lilirudi palipokuwa mashamba, na mbung'o wakarudi nalo.

Vitabu vya namna hiyo vinasimulia ng'ombe na watu. Mbwa hutajwa kwa nadra sana, na hilo linaniuma, kwa sababu mbwa wa mwindaji ndiye aliyekuwa mbele ya wote. Ng'ombe unaweza kumpitisha usiku. Mbwa wa mwindaji huwezi: kazi yake ni ya mchana, iko ndani ya kichaka, na pua yake inatangulia miguu ya bwana wake.

Mzee mmoja wa Kizigua aliwahi kuniletea mbwa wake, jina lake Hawaambiliki. Nilimwamkia, naye baada ya kuitikia hakukaa.

"Bwana mifugo, huyu anakula kuliko mimi. Ugali anamaliza, nyama anamaliza. Akisikia njuga zinatikiswa anasimama wa kwanza. Sasa tazama mgongo huu."

"Mzee, mnawinda upande gani?"

"Bondeni kule, kwenye nguruwe. Kwani pana nini?"

Uti wa mgongo ulihesabika kwa kidole. Fizi zilikuwa nyeupe, tezi za chini ya taya zimevimba, na jicho moja limeingia ukungu wa samawati ambao mwenyewe alidhani ni mwiba. Nilimtoboa ncha ya sikio, nikaweka tone la damu kwenye kioo. Chini ya hadubini, kati ya chembe nyekundu, kulikuwa na vitu vyembamba vikijinyonganyonga na kuzipiga kikumbo chembe za jirani. Nilimwita mzee aangalie mwenyewe. Alikaa kwenye hadubini muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

Aliyeunganisha pori, mbung'o na damu ni David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, aliyefika Ubombo katika nchi ya Wazulu mwishoni mwa 1894 akiwa na mkewe Mary, aliyefanya naye kazi ya maabara bega kwa bega. Mahali penyewe palimsaidia: kambi yake ilikuwa juu kilimani pasipo na mbung'o, na chini yake tambarare iliyojaa mbung'o. Wanyama wazima, mbwa wakiwamo, waliteremshwa tambarare kisha wakarudishwa kilimani, nao wakaugua. Halafu akachukua damu ya wanyama wa porini, kama nyati na nyumbu, waliokuwa wakitembea bila dalili yoyote, akawadunga mbwa. Mbwa wakaingia homa, wakakonda, na vimelea vikaonekana. Hivyo ndivyo ilivyothibitika kwamba wanyama pori ni ghala la ugonjwa ambalo lenyewe haliumwi. Mwaka 1899 kimelea kikapewa jina la Bruce, Trypanosoma brucei. Ushahidi ulipitia katika miili ya mbwa, na ningependa hilo lisemwe kila somo hili linapofundishwa vyuoni mwetu.

Swali la mzee yule, kwa nini anakula na bado anakonda, lilisubiri zaidi. Sehemu ya jibu ni damu yenyewe: chembe nyekundu zinaharibiwa, homa inapanda na kushuka, na kila mwili unapokaribia kukitambua kimelea, chenyewe hubadili ngozi yake ya nje kama mwizi anayebadili kanzu njiani, na vita vinaanza upya. Sehemu nyingine ilipatikana kwa sungura. Mwaka 1980, Carol Rouzer na Anthony Cerami wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walieleza habari za sungura walioambukizwa kimelea hikihiki. Walikuwa wamekonda vibaya, na damu yao imejaa mafuta ambayo mwili haukuyatumia. Utafiti ulioendelea kwa Cerami ukaonyesha kwamba kitu kinachozuia mafuta yasitumike hutengenezwa na mwili wa mgonjwa mwenyewe unapopambana na maambukizi. Mwaka 1985 kikatambuliwa kuwa ni kilekile ambacho watafiti wa saratani walikuwa wakikijua kwa jina jingine. Kwa hiyo mzee hakuwa amekosea hata kidogo: chakula kiliingia kweli, ila hakikufika kinapotakiwa.

Si kila mbwa anayekonda ana nagana, yaani ugonjwa huu wa mbung'o. Kupe nao wana homa zao, na mwaka 1935 huko Algeria ilielezwa moja ambayo baadaye ilikondesha na kuua mbwa wengi wa jeshi la Marekani nchini Vietnam. Minyoo ipo, kisukari kipo. Ila kwa mbwa aendaye porini, mbung'o ndiye wa kuulizwa kwanza.

Dawa ipo tangu miaka ya 1950, Berenil, nasi tuliitumia sana kwa ng'ombe. Kwa mbwa ni dawa ya kushika kwa mikono miwili: kipimo kikizidi kidogo kinaweza kumdhuru, na haifiki vizuri kwenye ubongo, ambako Trypanosoma brucei hujificha. Hawaambiliki alinenepa, akarudi bondeni, na mvua zilipokwisha alikuwa amekonda tena. Sikuweza kumwambia mzee kama ni vimelea vya zamani vilivyotoka mafichoni au ni mbung'o wapya.

Unguja ndiko nilikoona jibu lililokamilika. Kuanzia 1994, mbung'o madume waliofugwa Tanga na kuhasiwa kwa mionzi walimwagwa kwa ndege juu ya kisiwa, zaidi ya milioni 8 kwa jumla. Jike aliyepandwa na dume wa namna hiyo hazai. Mwaka 1996 alinaswa mbung'o wa mwisho wa porini, na 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa salama. Wasasi wa Unguja, wanaoingia vichakani na mbwa kutafuta nguruwe, sasa wana mengine ya kuhofia, lakini si hili.

Bara hatujafika huko. Na siku hizi wanaoniletea maswali si wawindaji tena, ni watu wa mjini wenye mbwa wa kukimbia nao, wanaowapakia garini mwisho wa juma kwenda mashambani Handeni, Pangani au Bagamoyo. Mwezi mmoja baadaye mbwa anakula sahani mbili na mkanda wa shingo umelegea. Humpeleka kwa daktari, na daktari huandika dawa ya minyoo, kwa sababu hakuna aliyemwambia habari ya shamba. Mwambieni, kisha mwombeni apime tone la damu siku hiyohiyo. Na asipoona kitu, apime tena, maana vimelea hupungua na kuongezeka kufuata homa.